Msaada tutani: amri ya SMTP ikija imeharibika, seva ijibu nini? Au ikate tu?

mvuvi_wa_baiti

Wakuu, habari za kazi.

Nipo Mwanza, nafanyia kazi kiwanda kimoja cha minofu ya sangara. Vyumba vya baridi vina vipima joto vya kizamani, jenereta ina kadi yake, UPS ina kadi yake, na ofisini kuna mashine kubwa ya fotokopi inayotuma skani. Vifaa vyote hivi vinajua jambo moja tu: kutuma barua pepe kwa SMTP, itifaki ya kupeleka barua. Ukiviambia habari za WhatsApp havikuelewi. Kwa hiyo nimeandika seva ndogo kwa Go inayopokea barua hizo na kuzigeuza SMS kwa fundi wa zamu. Joto likipanda saa nane usiku, fundi aamke kabla mzigo haujaharibika.

Shida ni kwamba kila kifaa kinaongea SMTP ya kwao. Mtazameni huyu wa fotokopi (K ni kifaa, S ni seva yangu; EHLO ni salamu ya kuanza):

S: 220 tahadhari.mfano.example ESMTP
K: EHLO KOPI GHOROFA YA 2
S: 501 Jina la mashine si sahihi
K: MAIL FROM: kopi@mfano.example
S: 503 Anza na EHLO
K: RCPT TO: ofisi@mfano.example
S: 503 Anza na MAIL
K: DATA
S: 503 Anza na MAIL
K: From: kopi@mfano.example
S: 500 Amri haijulikani
K: Subject: Skani 0041
S: 500 Amri haijulikani

Halafu inashusha picha nzima ya PDF, mstari kwa mstari, na kila mstari naujibu 500. Logi inajaa hadi diski inalia.

Kipima joto cha chumba namba 3 nacho kinamaliza kila mstari kwa LF peke yake, bila CR (mstari wa SMTP huisha kwa baiti hizo mbili, CR kisha LF). Kituo chetu cha kupokelea samaki Ukerewe kinatuma kupitia modemu, ndiyo maana seva ina IP ya nje. Kutoka huko kuna hili ambalo sijalielewa kabisa:

K: AUTH LOGIN
S: 504 Njia hiyo haipo, tumia PLAIN
K: a2l0dW8x
S: 500 Amri haijulikani

na mstari mwingine unaofanana na huo, kisha MAIL FROM kama vile hakuna kilichotokea.

Juu ya hayo, kwa sababu IP iko wazi, naletewa "GET / HTTP/1.1" na watu nisiowajua, na mara nyingine baiti zinazoanza 16 03 01 halafu kimya.

Bosi anasema pokea kila kitu, mradi ujumbe ufike. Mwenzangu wa usalama anasema ukiona amri mbovu kata hapohapo. Mimi nataka kujua kanuni inasemaje, na ninyi mnaoendesha seva kubwa mnafanyaje. Ni wakati gani nijibu 500, wakati gani 501, wakati gani nisamehe na wakati gani nifunge mlango?

Nawasilisha.

---

fundi_poti

Hizo 16 03 01 ni TLS (SSL ya zamani), usimbaji wa kuficha mazungumzo, mkuu. Mtu, au kifaa chako mwenyewe, amewekewa SSL lakini anapiga kwenye poti isiyo ya SSL. Anatuma salamu ya TLS hapohapo bila kusubiri 220 yako. Wewe unasubiri mwisho wa mstari, yeye anasubiri cheti chako, mnabaki mnatazamana mpaka muda uishe.

Angalia IP kwanza. Ikiwa ni ya kwenu, nenda kwenye kifaa: poti 465 ndiyo inayoanza na TLS moja kwa moja, 587 inaanza wazi kisha inawasha TLS kwa amri ya STARTTLS. Watu wanachanganya hizo mbili kila siku. Ikiwa ni ya nje, ni wapiga doria wa intaneti, usiwahangaikie.

Kwenye kodi: baiti ya kwanza kabisa ikiwa si herufi, usisubiri mstari uishe. Jibu, funga.

---

chuma_cha_pua

Mimi niko upande wa mwenzako wa usalama. Amri mbovu ya kwanza, kata. Huu si mwaka 1982 ambapo kila aliyekuwa mtandaoni alijulikana kwa jina. Klayenti isiyojua kuandika MAIL FROM kwa usahihi, kwa nini nitumie RAM yangu kuifundisha? Kila tawi la "tusamehe hili" kwenye kodi ni mahali ambapo mtu atakuja kuingilia.

Na hiyo kanuni ya "kuwa mpole unapopokea" imeleta madhara mengi kuliko faida. Angalia HTML ilivyogeuka uchafu. Kata, andika IP, ikirudia iingie kwenye orodha ya faiwoli. Vifaa vyako vya ndani virekebishe au vibadilishe.

---

MamaPosta

Mvuvi, kwanza kabisa, kabla hujasoma mstari unaofuata: badilisha nywila ya kituo cha Ukerewe. Hiyo a2l0dW8x si fumbo. Ni base64, namna ya kuandika data kwa herufi za kawaida, na ukiifungua inasoma "kituo1". Ni jina la mtumiaji. Huo "mstari mwingine unaofanana na huo" ni nywila, na ninashukuru hukuubandika hapa. Lakini kwenye logi yako umo, na kwenye nakala za logi umo, na base64 haifichi kitu, inabadilisha mavazi tu. Modemu ilisema AUTH LOGIN, ukajibu 504 (jibu sahihi kabisa kwa njia usiyoijua, RFC 4954, mojawapo ya nyaraka za kanuni za intaneti, inasema hivyohivyo), yeye hakusoma, akaendelea kumimina jina na nywila. Seva yako ikaviona kama amri ngeni ikaviandika kwenye logi kama amri ngeni. Kwa hiyo: baada ya AUTH kushindwa, mstari wowote usioeleweka usiuandike mzima. Andika urefu wake na baiti chache za mwanzo. Mimi siandiki hata moja.

Sasa turudi kwenye swali. Nimelea seva za barua tangu enzi za Sendmail, Dar, kwenye kampuni za intaneti na baadaye chuoni, kwa hiyo nivumilie, nitarefusha.

Chuma, kwenye kukata hapana. RFC 5321 ya mwaka 2008, aliyoihariri John Klensin, kifungu cha 3.8 hakina kigugumizi: seva inayofunga muunganisho kwa sababu imeletewa amri isiyoielewa inavunja kanuni. Inatakiwa itoe 500 na kusubiri amri inayofuata. Watu wanadhani hii ni adabu tu ya wazee. Bila hiyo SMTP isingekua. RFC 821 ya Jon Postel, 1982, haina EHLO ndani yake. EHLO imeletwa na RFC 1425 mwaka 1993, wakati dunia imejaa seva ambazo hazijawahi kuisikia. Mpango mzima ulisimama juu ya jambo moja: seva kongwe ikisikia EHLO itajibu 500, itabaki kwenye laini, na klayenti itarudi kwenye HELO ya zamani. SIZE, 8BITMIME, STARTTLS, vyote vimepita mlango huo. Seva zote za wakati ule zingekuwa za kwako, Chuma, tungekuwa bado tunatuma barua bila TLS.

Kuna na hesabu ya kila siku. Ukikata bila jibu, seva inayokutumia haijui kama umekataa au umeme umekatika Ilala. Inachukulia ni tatizo la muda, inairudisha barua foleni. Kanuni inaitaka ijaribu tena baada ya angalau dakika 30, na isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Ulidhani umemfukuza, kumbe umempa ratiba ya kuja. Kwa sababu hiyohiyo usijibu kosa la sarufi kwa namba inayoanza na 4. Namba hiyo maana yake jaribu baadaye. Mstari uliokosewa leo utakuwa umekosewa na kesho.

Namba zenyewe. 500 ni kwa amri usiyoitambua kabisa, au mstari uliozidi urefu. 501, amri unaitambua ila kilichofuata baada yake kimeharibika, kama EHLO bila jina au anwani isiyosomeka. 502 inachanganya wengi, na kuna seva zilizoitumia vibaya kwa miaka mingi: ni kwa amri unayoijua lakini hukuitengeneza, mathalani EXPN, ya kufungua orodha ya wapokeaji. (VRFY, ya kuthibitisha anwani, ina habari yake: ukiizima kwa usalama, jibu ni 252, si 502.) 503 ni amri nzuri iliyokuja wakati mbaya. 504 umeshaiona. 555 ni pale MAIL FROM au RCPT TO inapokuja na kigezo usichokijua mwishoni. Hapo Mvuvi huna tatizo, namba zako zilikuwa sawa. Hata kuandika maelezo kwa Kiswahili ni sawa, maana mashine inasoma tarakimu tatu tu na Kiswahili chetu kinaingia chote kwenye ASCII bila kupoteza herufi. Ila andika kitu kitakachomsaidia fundi: badala ya "si sahihi", andika "jina lina nafasi katikati".

Jambo moja lenye kuuma kuhusu 501: lisiguse hali ya mazungumzo. RCPT TO ya tatu ikiharibika, mbili za kwanza bado ni halali. Na jibu liwe moja kwa kila amri, kwa mpangilio uleule, kwa sababu klayenti inayotuma amri kwa mkupuo inahesabu majibu. Ukijibu mara mbili kwa amri moja, inaanza kusoma jibu la mwenzake.

Sasa kusamehe. Bosi wako anamnukuu Postel bila kumjua. Ule ushauri wa kuwa mkali unapotuma na mpole unapopokea ulichapishwa kwenye nyaraka za TCP mwaka 1980. Na Chuma naye ana watu upande wake: RFC 9413 ya mwaka 2023, ya Martin Thomson na David Schinazi, inaeleza jinsi upole huo unavyoyageuza makosa ya mtu mmoja kuwa mzigo wa kudumu wa wote. Mimi nimewasoma wote na bado nasamehe, lakini kwa swali moja: mstari huu una maana ngapi?

"MAIL FROM: kopi@mfano.example" una makosa mawili. Kuna nafasi baada ya nukta mbili, ambayo kanuni inaikataza waziwazi, na anwani haina mabano yake < na >. Lakini maana ni moja. Hakuna seva duniani itakayouona ni mtu mwingine. Postfix, programu maarufu ya seva ya barua, inaupokea bila kelele, kwa sababu mpangilio wake wa strict_rfc821_envelopes unakuja ukiwa umezimwa. Pokea. "EHLO KOPI GHOROFA YA 2" hali kadhalika: hulitumii jina hilo kuamua kitu chochote, liandike kwenye logi baada ya kuondoa herufi zisizochapika, songa mbele. Ukisamehe hayo mawili, mafuriko yako ya 500 yanaisha yenyewe, kwa sababu fotokopi haitafika DATA ikiwa imekataliwa.

Pale ambapo mstari unaweza kusomwa kwa namna mbili, huruma inaisha. Mahali pabaya kuliko pote ni mwisho wa barua. Kanuni inasema barua inaisha kwa CR LF, nukta, CR LF. Desemba 2023 Timo Longin wa SEC Consult alionyesha kinachotokea seva zisipokubaliana hapo. Mshambuliaji ana akaunti halali kwenye seva ya kwanza. Katikati ya barua yake anaweka LF, nukta, LF, na chini yake anaandika MAIL FROM ya mtu mwingine, RCPT TO, DATA na barua ya pili. Seva ya kwanza inaona maandishi ya kawaida, inayapitisha. Seva ya pili, ile yenye roho nzuri, inaona nukta, inasema barua imeisha, na mistari iliyobaki inaisoma kama amri. Barua ya pili inaingia na jina la bosi wa kikoa kizima, na SPF, ukaguzi wa IP zinazoruhusiwa kutumia kikoa, inaipitisha kwa sababu kweli imetoka kwenye IP ya seva ya kwanza. Postfix, Sendmail na Exim zote zililazimika kurekebishwa.

Tazama Postfix walivyotengeneza, maana ndiyo jibu la swali lako la chumba namba 3. Kuna mpangilio unaitwa smtpd_forbid_bare_newline, na tangu toleo la 3.9 unakuja ukiwa "normalize". LF peke yake kwenye amri na kwenye mwili wa barua inavumiliwa. Mwisho wa barua lazima uwe ule rasmi. Mpole kwenye mistari, jiwe kwenye mpaka.

Mpaka mwingine ambao watu wa Go na Python wanauvunja bila kujua ni urefu. Mstari wa amri mwisho wake ni baiti 512 pamoja na CR LF (AUTH ina kikomo chake kirefu, 12288, na vigezo vya MAIL vinaongeza kidogo). Nimeona kodi inayosoma baiti 512, inajibu 500, kisha inaendelea kusoma kuanzia baiti ya 513 kana kwamba ni mstari mpya. Hapo umemtengenezea mtu njia ya panya: anajaza herufi A nyingi, na baiti ya 513 anaanza MAIL FROM. Ukishavuka kikomo, tupa kila kitu mpaka ukutane na mwisho halisi wa mstari, ndipo ujibu 500 mara moja tu.

Na usiirudishe amri mbovu ndani ya jibu. Sijui kwa nini kila kijana anayeandika seva anapenda kujibu "500 sijui 'hiki na hiki'". Mwaka 2001 Jochen Topf alionyesha jinsi fomu ya ukurasa wa wavuti inavyoweza kuifanya brauza ya mtu asiye na habari ipige poti ya seva ya barua, na kile seva inachokirudisha brauza ikakisoma kama ukurasa. Na hapo, Chuma, nakupa haki yako.

---

chuma_cha_pua

Nangoja hiyo haki, mama. Maana umesema nisikate, halafu unanitajia shambulio ambalo linafanya kazi kwa sababu seva haikukata.

---

MamaPosta

Ndivyo. Fomu ikitumwa, inakuja na "POST / HTTP/1.1", kisha vichwa vya HTTP, kila kimoja 500, 500, 500. Halafu mwili wa fomu, ambao mshambuliaji ameuandika mwenyewe: HELO, MAIL FROM, RCPT TO, DATA, zote safi. Seva mvumilivu inasamehe takataka za mwanzo na kuipokea barua. Brauza zimeifungia poti 25 muda mrefu, lakini zako zipo poti nyingine, siyo?

Kwa hiyo GET, POST na CONNECT hazihitaji mjadala. Hizo si amri zilizokosewa, ni itifaki nyingine imepotea njia au imeelekezwa kwako makusudi. Funga. Postfix inafanya hivyo tangu zamani, na jibu lake la 221 lina kejeli: linasema hata mimi naweza kuvunja sheria, kwaheri. Hilo la TLS alilosema fundi_poti liweke kapu hilohilo.

Kwa wengine wote, hesabu. Postfix ikifikisha makosa 10 kwenye mazungumzo mamoja inaanza kuchelewesha kila jibu kwa sekunde 1. Ikifika 20, inatoa 421 na kufunga. Hiyo ni kukata kwa sababu iliyosemwa, baada ya kumpa mtu nafasi, na yeyote anayesoma logi upande wa pili anaona kilichotokea. RAM yako haitaisha kwa makosa 20.

---

mvuvi_wa_baiti

Shikamoo Mama Posta. Nywila imebadilishwa, na logi za zamani nimezisafisha.

Fotokopi imetulia. Nimeruhusu nafasi baada ya nukta mbili na anwani bila mabano, skani zinaingia. GET na POST nafunga. Makosa nimeweka 10 na 20 kama ulivyosema.

Limebaki la chumba namba 3. Nimeweka mwisho wa barua uwe CR LF nukta CR LF tu, na sasa kifaa hicho kinaning'inia. Nimekipeleleza kwa tcpdump: hata nukta ya mwisho kinaituma kwa LF nukta LF. Seva inaendelea kungoja, kifaa kinangoja 250, mwisho muda unaisha na tahadhari haifiki. Programu ya ndani ya kifaa haina toleo jipya, na bosi hatanunua kingine mwaka huu. Nifungue mlango kwa wote kwa ajili ya kifaa kimoja?

Na la Ukerewe: niongeze AUTH LOGIN, au nisisitize PLAIN?

---

MamaPosta

Marahaba, mdogo wangu.

Kwa wote, hapana. Kwa chumba namba 3, ndiyo, na sikuambii hivyo kwa huruma. Rudi kwenye shambulio lenyewe: linahitaji seva mbili zinazosoma mpaka kwa namna mbili, na mshambuliaji anayeandika barua kupitia ile ya kwanza. Kipima joto kinaongea na wewe ana kwa ana. Hakuna seva katikati, na hakuna mtu anayekitumia kuandika barua. Postfix wenyewe wameacha mlango huo: smtpd_forbid_bare_newline_exclusions, na bila kuguswa unasamehe mitandao iliyo kwenye mynetworks, yaani ile unayoiamini.

Kwako wewe nisingechanganya kwenye poti moja. Fungua msikilizaji wa pili kwenye anwani ya ndani tu, tuseme 10.x ya vyumba vya baridi, na huko ndiko LF nukta LF ikubalike. Ile ya nje ibaki ngumu. Kwenye kodi iwe kigezo unachokipa msikilizaji anapoanza, isiwe "if" ya IP iliyojificha katikati ya kisomaji cha DATA, maana mwakani atakuja mwingine asiyejua ilitoka wapi.

Sharti moja: barua ya chumba namba 3 isitoke kwako kwenda seva nyingine ikiwa vilevile ilivyoingia. Kama inaishia kuwa SMS, salama. Kama siku moja utaipeleka na kwenye barua pepe ya bosi, iandike upya: kila mstari uishe kwa CR LF, na mstari wowote unaoanza na nukta uongezewe nukta nyingine mbele. Ukiipitisha mbichi, unakuwa wewe ndiye seva ya kwanza kwenye hadithi ile.

Ukerewe, ongeza LOGIN. Haina RFC yake ya maana lakini vifaa nusu ya dunia vinaitumia, na hicho cha kwenu hakisomi majibu hata ukiweka tangazo la redio. Wewe unajibu 334 VXNlcm5hbWU6 ("Username:" kwa base64), kinatuma jina, unajibu 334 ya pili, kinatuma nywila. Mstari wa base64 ukishindwa kufunguka, ni 501, na unaiua AUTH yote, hubaki ukingoja mstari mwingine. Yote hayo yawe ndani ya TLS. Modemu ikishindwa TLS, weka VPN kati ya Ukerewe na kiwanda, na hapo hata hiyo IP ya nje unaweza kuifunga.

Halafu muda wa kungoja. Umeandika muda "unaisha" lakini hujasema ni kiasi gani. Kanuni inataka seva isubiri amri inayofuata kwa angalau dakika 5. Kwa ile ya nje acha hivyo, ila wale wanaofungua laini wakakaa kimya bila hata EHLO waruhusu wachache tu kwa wakati mmoja kutoka IP moja. Kwa chumba namba 3, ikipita dakika bila nukta, tuma SMS kwa fundi kwamba kipima joto kimeanza barua na hakijaimaliza.

---

fundi_poti

Hiyo ya mwisho naiiba, mama. Mvuvi, ukimaliza hicho kisomaji cha DATA kibandike hapa, nina kadi za UPS zenye tabia hiyohiyo.